Feritini: Pale Homa Isipokuwa Malaria Tu

Mwadui, kama kwingine Kanda ya Ziwa, homa hudhaniwa kwanza kuwa malaria, na wakati mwingine ndiyo. Lakini homa isiyoshuka baada ya dawa, bandama ikavimba na chembe za damu zikapungua, yaweza kuwa HLH: kinga iliyochachamaa ikaugeukia mwili wenyewe, na malaria nayo huweza kuichochea. Hapo feritini, protini inayohifadhi madini ya chuma, hutoa fununu. Vigezo vya HLH vya 2004 kwa feritini huanzia mikrogramu 500 kwa lita. Mtu atasema malaria, kifua kikuu na kuongezewa damu kwa wenye selimundu pia huipandisha. Kweli, na ndiyo maana 500 pekee haitoshi. Ila ikipita 10,000 kwa mtoto, huku fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, ikishuka, kungoja ni hatari. Kwa hiyo naona kipimo cha feritini kinastahili kuwepo kila hospitali ya mkoa.