Kiroba kinasema "hauna mawe". Kibarua wako anasemaje?

Msimu huu nimeona viroba vipya, vizuri kweli. Ukitoka Kibaoni kuja Majimoto mpaka Kasansa, vijana kadhaa wameacha kuuza mpunga kwa gunia na kumwachia dalali faida. Wanakoboa wenyewe, wanapaki kilo 5, 10 na 25, na jina lao liko juu. Nawapongeza. Ila leo tuongee kitu ambacho mchapaji wa viroba hawezi kukuuzia.

Kijana mmoja alikuja kwangu na kiroba mkononi.

"Shikamoo, bwana shamba."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

Kiroba kimeandikwa kwa herufi kubwa: mchele safi wa Kasansa, hauna mawe, hauna chenga. Mwenye duka Mpanda mjini alikuwa amemrudishia viroba 40. Mama ntilie aliyenunua pale dukani alipika wali, mteja wake akang'ata jiwe, kelele zikaanzia kwenye meza zikaishia dukani. Kijana amelipa nauli ya kupeleka mzigo, amelipa ya kuurudisha, na oda ya wiki iliyofuata imekufa. Pesa ya mbolea ya msimu ujao ilikuwa imekaa humo humo.

Yeye alidhani tatizo ni mashine. Tukaenda wote kwenye eneo lake la kazi. Alikuwa na vibarua wanne, wanaanika, wanapeta, wanapaki. Nikakaa karibu na mama mmoja aliyekuwa anapeta.

"Mama, hapa mnalipwaje?"

"Kwa gunia. Ukiwahi magunia mengi unapata hela ya maana."

"Na ukikuta mawe?"

Akacheka. "Nikikaa kuokota mawe, jioni watoto watakula nini?"

Tatizo lenyewe ndilo hilo. Kiroba kiliahidi usafi, lakini bosi alikuwa analipia haraka. Yule mama hakuwa mvivu wala mwizi. Alifanya kile anacholipwa kufanya, na alikifanya vizuri.

Nchi yetu ilishapata somo hili kwenye pamba. Wazee wa kanda ya ziwa wanakumbuka pamba safi na pamba fifi. Daraja la kwanza lilikuwa safi, la pili fifi, na bei zilitofautiana. Kwa hiyo familia ilikaa chini ikachambua, nyeupe huku, yenye madoa kule. Pamba ya Tanzania ikawa na jina zuri nje, na wanunuzi waliongeza bei kwa ajili ya jina hilo. Biashara ilipofunguliwa msimu wa 1994/95, wanunuzi binafsi wakaingia kwa wingi wakigombania mzigo. Kila mmoja aliogopa mwenzake atajaza ghala kabla yake, basi wakanunua safi na fifi kwa bei moja. Mkulima naye ana akili. Kama bei ni moja, achambue ya nini? Wengine wakaenda mbali zaidi, wakatia maji na mchanga ili uzito upande. Jina likashuka, na ile bei ya ziada ikapotea.

Hakuna aliyetangaza kwamba kuanzia leo pamba yetu iwe chafu. Usafi uliacha kulipwa tu, basi.

Sasa tazama majirani zetu Kenya kwenye chai. Wakulima wadogo wa KTDA wanachuma majani mawili na chipukizi. Kwenye kituo cha kununulia, majani yanakaguliwa kabla ya mizani, na mabaya yanakataliwa. Mkulima analipwa kila mwezi, halafu mwisho wa mwaka kuna malipo ya pili, wenyewe wanaita bonasi, yanayotegemea kiwanda chake kimeuzaje. Malalamiko yapo, tena mengi. Ila mchumaji anajua kwamba jani analoweka kwenye kikapu leo litarudi mfukoni kwake baadaye.

Turudi Kasansa. Tulikaa na yule kijana na vibarua wake, tukabadilisha mambo manne.

Kwanza, malipo. Tuseme ulikuwa unalipa shilingi 2,000 kwa gunia la kilo 100. Sasa lipa 1,500 kwa gunia, na 1,000 nyingine gunia likipita ukaguzi. Ukaguzi ni rahisi: chota kilo moja kutoka sehemu tatu za gunia, mwaga kwenye sinia jeupe, angalieni wote pamoja. Gharama imeongezeka shilingi 500 kwa gunia, yaani shilingi 5 kwa kilo. Piga hesabu, linganisha na nauli ya kurudisha viroba 40. Na usimkate kibarua kwa mawe ambayo wewe mwenyewe umeyaleta kwa kuanika chini. Nunua maturubai kwanza.

Pili, ruhusa ya kukataa. Kibarua akisema mpunga huu bado mbichi, usikobolewe leo, msikilize hata kama gari linasubiri. Mpunga unatakiwa unyevu wa asilimia 14 hivi. Ukiwa mbichi unapondeka mashineni na utaota ukungu ghalani, ukikauka kupita kiasi kwenye jua kali unakatika, chenga zinajaa. Vile vile debe la kwanza kutoka mashineni lina mabaki ya mchele wa mteja aliyetangulia. Liweke pembeni, lisiingie kwenye kiroba chenye jina lako.

Tatu, wafanyakazi wale mchele wa nembo yao. Wengi mnawapa vibarua chenga, mchele mzuri hawaujui hata ladha yake. Mtu atalindaje kitu asichokijua? Mpe kila mmoja kiroba cha kilo 5 mwisho wa msimu. Akipika nyumbani akang'ata jiwe, utasikia kutoka kwake kabla hujasikia kutoka Mpanda.

Nne, simu. Namba iliyoko kwenye kiroba inapokelewa na nani? Kama ni mdogo wako anayejibu "sijui, bosi katoka", hiyo nayo ni sehemu ya mchele wako. Mkubaliane jibu moja: pole, tunakubadilishia kiroba, tuambie tarehe iliyoandikwa. Kwa hiyo andika tarehe ya kupaki, na jina la aliyepaki kwenye daftari. Malalamiko yakija, msomeane wote. Sifa zikija, zisome pia, tena kwa sauti.

Ya kisheria msiyasahau. Lumbesa ni kosa, gunia lisizidi kilo 100, na kiroba cha kilo 5 kiwe kilo 5 kweli. Kwa nembo ya TBS, anzeni SIDO, wanasaidia wajasiriamali wadogo. Jina la nembo lisajiliwe BRELA kabla mwingine hajalichukua.

Yule kijana alirudi Mpanda na mzigo mpya. Mwenye duka akakubali kuchukua viroba 10 vya kujaribu. Kumi, siyo arobaini. Akanipigia simu amenuna kidogo, nikamwambia hiyo ndiyo bei ya jiwe moja, shukuru amekufungulia mlango. Yule mama anayepeta sasa ndiye anayeshika sinia la ukaguzi. Wiki iliyopita alikataa gunia alilopeta mdogo wake mwenyewe.

Wiki hii fanya hivi: kabla hujaagiza viroba vingine, muulize kibarua wako mmoja ukiwa umetulia, "Hapa kwetu, ni kitu gani kinachokupa hela?" Jibu lake ndilo tangazo lako la kweli. Likitofautiana na maandishi ya kiroba, rekebisha malipo kwanza, viroba baadaye.

Tukutane shambani.