Macho Yanapofanya Kazi ya Mikono

Sisi wauguzi huwaona wagonjwa wa kiharusi wasioweza kusogeza mkono wala kutamka neno. Ndugu husimama kando ya kitanda wakijadili nani atalipa na nani atachukua watoto, kana kwamba mwenyewe hayupo. Kumbe kiharusi kikipiga shina la ubongo, mtu anaweza kubaki na akili timamu, akisikia yote, ila hana cha kujibia. Mara nyingi kinachobaki ni kupepesa, na kupandisha na kushusha macho.

Ndivyo alivyopatwa Mfaransa Jean-Dominique Bauby, mhariri wa gazeti la wanawake la Elle, mnamo Desemba 1995 akiwa na miaka 43. Jicho la kushoto tu ndilo lililobaki likimtii. Msaidizi alimsomea herufi, zile zinazotumika sana katika Kifaransa zikitangulia, naye akapepesa ilipotajwa aliyoitaka. Hivyo akatunga kitabu kizima! Kilitoka Machi 1997, akafariki siku chache baadaye.

Siku hizi kompyuta inaweza kufanya kazi ya yule msaidizi. Chini ya kioo chake huwekwa kifaa chenye kamera na taa ndogo ambazo mwanga wake hauonekani kwa macho yetu. Mwanga huo hutoa mng'ao juu ya jicho. Kamera hulinganisha mng'ao na mboni, na programu hukadiria mahali mtu anapotazama. Kwanza mgonjwa hufuata vidoti kwa macho ili mashine imzoee. Baadaye akikazia herufi macho kwa kitambo, imeandikwa. Sentensi ikikamilika, kompyuta huisoma kwa sauti.

Wanaonufaika sana ni wenye ALS, maradhi yanayodhoofisha misuli polepole lakini mara nyingi huchelewa kuigusa ile ya macho. Mwaka 2017 Microsoft iliingiza uwezo huu katika Windows 10, ingawa kifaa cha kufuatilia macho kilinunuliwa kando. Mwaka 2024 Apple nayo ikauweka katika baadhi ya simu na tableti zake, kwa kutumia kamera ya mbele.

Tusidanganyane: vifaa vya kitaalamu ni ghali, na jua la dirishani huvisumbua. Macho nayo huchoka na kukauka. Halafu fikirini adha ya kufungua kila unachokitazama! Ndiyo maana programu nzuri huwa na mahali pa kupumzishia macho.

Nyumbani pasipo kifaa, tumieni plastiki ngumu inayopenya mwanga. Andikeni herufi kwa mafungu kwenye pembe zake, muishike kati yenu na uso wa mgonjwa, mfuate anakotazama. Lakini kabla ya herufi, kubalianeni juu ya "ndiyo" na "hapana": macho juu ni ndiyo, chini ni hapana. Ulizeni jambo moja kwa mara moja. "Unaumwa?" yatosha, "Unaumwa au una njaa?" humkwamisha. Kisha subirini, maana jibu lake huchelewa, na wengi wetu huuliza tena kabla hajamaliza la kwanza.

Na maswali yasiishie kwenye uji na dawa. Mwulizeni kama wageni waingie, nani angependa amwogeshe, na kama ile redio izimwe.