Kwa nini baadhi ya bodaboda Mbulu na Hanang hupenda pikipiki za zamani, na mzazi akague nini kabla ya kupanda

Usiku wa masika, mtoto akipandisha homa huko Dongobesh au Basotu, mzazi hana nafasi ya kuchagua usafiri. Anapiga simu, pikipiki inakuja, mtoto anafungwa vizuri kwenye shuka na safari ya kwenda kituo cha afya inaanza.

Mchana, pale kijiweni, nafasi ya kuchagua ipo. Pikipiki mbili zimeegeshwa chini ya mti. Moja ni mpya, tangi linang'aa na siti bado ina nailoni ya dukani. Nyingine imepauka rangi, siti imeshonwa upya, na herufi za mwisho kwenye kibao chake cha namba zinaonyesha kwamba ilisajiliwa miaka mingi iliyopita.

Abiria wengi huikimbilia ile mpya. Lakini wapo madereva bodaboda katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ambao wakipewa nafasi ya kuchagua watachukua ile ya zamani. Sababu zao zina maana, na mzazi akizijua atafahamu pia ni wapi upendeleo huo unaweza kumletea hatari yeye na mtoto wake.

Fundi aliye karibu

Nje ya barabara ya lami ya Babati kwenda Singida inayopita Katesh, njia nyingi za wilaya hizi ni za udongo. Nyanda za juu za Mbulu zina miinuko, miteremko na udongo unaoteleza mvua inaponyesha. Ukishuka bonde la Yaeda Chini au ukivuka mashamba ya ngano ya Basotu, kijiji kimoja kinaweza kuwa mbali sana na kingine. Pikipiki ikizimika huko, jambo la kwanza dereva analojiuliza ni kama anaweza kuitengeneza mwenyewe.

Pikipiki ya zamani inamjibu kwa urahisi. Ina kabureta, ambayo dereva mwenye spana na bisibisi anaweza kuifungua kando ya njia, akamwaga maji au uchafu ulioingia, akairudisha. Hilo si jambo dogo mahali ambapo petroli hununuliwa kwenye chupa dukani na si mara zote huwa safi. Baadhi ya pikipiki mpya zinatumia mfumo wa kielektroniki wa kupuliza mafuta kwenye injini. Mfumo huo unabana matumizi ya mafuta, lakini ukigoma unahitaji kifaa cha kupimia na fundi aliyesomea, na huyo mara nyingi yuko mjini.

Kuna pia suala la kuwasha. Pikipiki za zamani zina kiki. Betri ikifa, dereva anapiga kiki na safari inaendelea. Ile inayotegemea kitufe cha stata peke yake, betri ikiisha nguvu usiku, itabidi isukumwe.

Sababu nyingine ni mazoea. Kabla bodaboda hazijaenea, pikipiki zilizojulikana sana vijijini zilikuwa zile za mabwana shamba, watumishi wa afya na wamisionari, kama Honda XL125 na Yamaha AG100. Zilikuwa na fremu nzito na kimo cha kuvuka mawe. Waliokua wakiziona zikipanda milima bado hupima uimara wa pikipiki kwa uzito wa chuma chake. Na aina yoyote iliyokaa barabarani kwa miaka mingi huwa na faida moja zaidi: spea zake, mpya na zilizotumika, hupatikana hata kwenye duka dogo, na fundi wa chini ya mti anaijua kwa kuigusa tu.

Deni nalo ni abiria

Sababu nzito kuliko zote, hata hivyo, ni fedha. Na kwa mzazi, hii ndiyo inayogusa usalama kwa namna ambayo haionekani kwa macho.

Vijana wengi huanza kazi kwa pikipiki ya mkataba. Tajiri, yaani mwenye chombo, ananunua pikipiki mpya na kumkabidhi dereva. Dereva anapeleka hesabu kila siku kwa muda waliokubaliana, na mwisho wa mkataba pikipiki inakuwa yake. Chukua mfano wa hesabu ya Sh10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki. Hiyo ni Sh60,000 kwa wiki na zaidi ya Sh3 milioni kwa mwaka, bila kuhesabu mafuta, oili, matairi na chakula cha nyumbani.

Dereva wa namna hiyo anaanza kila asubuhi akiwa anadaiwa. Mvua ikinyesha mchana kutwa, hesabu haipungui. Akiumwa, hesabu iko palepale. Ndiyo maana anaweza kukubali safari akiwa hajalala, kukimbiza chombo ili awahi abiria mwingine, au kupakia mishikaki, yaani abiria wawili au watatu kwa mara moja. Hata injini yenyewe huumia, kwa sababu pikipiki mpya inatakiwa kuendeshwa taratibu katika kilomita za mwanzo ili vyuma vizoeane, na mwenye hesabu ya jioni hana subira hiyo.

Mwenye pikipiki ya zamani iliyokwisha kulipiwa yuko huru zaidi. Mvua ikiwa kubwa anaweza kubaki nyumbani. Korongo likijaa anaweza kumwambia abiria wasubiri maji yapungue. Akichoka anaweza kulala. Uhuru wa kusema hapana ni sehemu ya usalama barabarani, ingawa haumo kwenye orodha ya vifaa vya pikipiki.

Hanang haihitaji kukumbushwa nguvu ya maji na tope. Desemba 3, 2023, maporomoko kutoka Mlima Hanang yaliikumba Katesh na vijiji vya jirani na kuua zaidi ya watu 80. Dereva anayeweza kusubiri mvua ipite ni wa kuthaminiwa kuliko yule anayelazimika kuvuka.

Vitu visivyoruhusiwa kuzeeka

Pamoja na sifa hizo zote, pikipiki ya zamani ina upande wake wa hatari. Fremu na injini vinaweza kudumu miaka mingi vikitunzwa. Breki, matairi, cheni na taa haviwezi. Hivi ni vitu vya kuisha na kubadilishwa, na dereva mwenye mapato madogo hushawishika kusema "bado vinasukuma".

Tairi lililoisha kashata haliwezi kushika tope. Breki za ngoma, ambazo ndizo za pikipiki nyingi za zamani, hupungua nguvu zikiingia maji, kwa hiyo baada ya kuvuka kijito dereva anatakiwa kuzikanyaga kidogokidogo akiwa mwendo wa pole hadi zikauke. Kwenye mteremko mrefu kama wa Magara, breki hupata moto na kulegea iwapo dereva anazitegemea peke yake. Njia salama ni kushuka na gia ndogo, injini ikisaidia kuzuia. Dereva anayezima injini au kuweka nyutro mteremkoni ili aokoe mafuta anauza usalama wa abiria wake kwa bei ya kikombe cha petroli. Mzazi ana haki ya kumwomba asimame na kushuka.

Kuna vitu vingine vitatu ambavyo kwenye pikipiki iliyotumika sana huwa vimeng'oka na havikurudishwa, na vyote huwaumiza zaidi kina mama na watoto.

Cha kwanza ni kifuniko cha cheni. Kisipokuwepo, pembe ya kitenge, kanga au shuka inaweza kunaswa na cheni au tairi la nyuma na kumvuta abiria hadi chini. Mama aliyebeba mtoto mgongoni yuko kwenye hatari zaidi, kwa kuwa nguo iliyomfunga mtoto ndiyo inayoning'inia. Kabla ya kuondoka, ncha zote zichomekwe au zikaliwe.

Cha pili ni kinga ya bomba la moshi. Bomba huwa la moto sana baada ya safari, na mguu mdogo wa mtoto ukiligusa huungua papo hapo. Mtoto apandishwe na kushushwa upande usio na bomba. Akiungua, sehemu hiyo imwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe kituo cha afya. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia na unga visipakwe.

Cha tatu ni vikanyagio vya abiria. Mtoto ambaye miguu yake inaning'inia anaweza kuiingiza kwenye spoku za tairi. Mtoto ambaye hawezi kufikisha miguu kwenye vikanyagio na kushikilia vizuri hajafikia umri wa kukaa peke yake nyuma ya dereva. Kumweka mbele kwenye tangi si suluhisho pia, kwa sababu pikipiki ikisimama ghafla, kifua na uso wake ndivyo vinavyokutana na usukani.

Helmeti mbili

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Shirika hilo linasema pia kuwa kuvaa helmeti ipasavyo kunaweza kupunguza hatari ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74.

Neno la kuzingatia ni "ipasavyo". Helmeti isiyofungwa mkanda hutoka kichwani kabla kichwa hakijafika chini. Iliyopasuka au iliyowahi kupata ajali imekwisha kazi yake, hata kama nje inaonekana nzima. Na helmeti inayoning'inia kwenye usukani kwa ajili ya kumwonyesha trafiki haimlindi mtu yeyote.

Kina mama wengi huikataa helmeti ya abiria kwa kuogopa jasho na magonjwa ya ngozi ya kichwa. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni rahisi: kitambaa safi chembamba kichwani kabla ya kuvaa. Familia inayotumia bodaboda kila siku kupeleka mtoto shule itafanya vyema kununua helmeti yake, ya saizi ya mtoto huyo.

Mama mjamzito asisubiri kijiweni

Katika uzazi, uhai hupotea mara nyingi kwa sababu ya kuchelewa: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa. Kwa kaya zilizo mbali na Hospitali ya Haydom, inayohudumu tangu mwaka 1955, au na hospitali za Mbulu na Katesh, kuchelewa kwa njiani ni jambo halisi.

Pikipiki si chombo cha kumbeba mama anayetokwa damu, mwenye degedege au aliyeishiwa nguvu. Anaweza kuanguka njiani, na hawezi kulazwa. Kwa dharura kama hizo upo mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, unaounganisha mama mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga na gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Namba yake ni 115 na kupiga ni bure. Namba hiyo ijulikane na mume, mama mkwe na kila anayebaki nyumbani, kwa sababu mgonjwa mwenyewe huenda asiweze kupiga.

Ukaguzi wa dakika mbili

Umri wa pikipiki, basi, haumtoshi mzazi kuamua. Mpya yenye dereva asiyelala inaweza kuwa hatari kuliko ya zamani iliyotunzwa, na ya zamani isiyo na breki ni hatari hata ikiwa mikononi mwa dereva mpole.

Mzazi aende kijiweni mchana, bila haraka. Atazame matairi kama kashata zipo. Aombe taa ya mbele na ya breki ziwashwe. Atazame cheni kama imelegea na kama ina kifuniko. Aulize helmeti ya abiria iko wapi na aifunge mkanda wake. Kisha amuulize dereva kwa heshima: "Mdogo wangu, hii pikipiki ni yako au ya mkataba? Usiku unafanya kazi mpaka saa ngapi?" Lengo si kumnyima kazi mwenye mkataba. Ni kujua kama mtu atakayeitwa saa nane za usiku atakuwa amepumzika.

Akipatikana dereva mwenye breki nzuri, taa mbili zinazowaka, helmeti mbili na tabia ya kusema "tusubiri kidogo maji yapungue", namba yake iandikwe kwenye simu siku hiyohiyo, karibu na ile ya 115. Kama tangi la pikipiki yake limepauka, hilo lisimsumbue mtu.