Je, Wajua? Kula Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Upasuaji wa kupunguza uzito unaofanywa zaidi siku hizi huondoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula na kuacha mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Majuma mawili ya mwanzo huwa ya vinywaji tu: maji, supu iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta. Kisha huja vyakula vilivyopondwa, halafu laini, na chakula cha kawaida hurudi polepole baada ya juma la sita hivi.

Protini hutangulia kwenye sahani, gramu 60 au zaidi kwa siku, maana mwili unaopungua kwa kasi hula hata misuli yake. Yai na samaki hupita vizuri. Nyama kavu na chapati hukwama, na tonge la ugali lililomezwa kwa pupa laweza kuleta maumivu ya kifua na kutapika. Maji hayanywewi pamoja na chakula. Husubiri nusu saa baada ya kula. Kwa waliofanyiwa upasuaji wa aina nyingine, ule wa kugeuza njia ya utumbo, soda au chai yenye sukari nyingi huteremka haraka mno: moyo hudunda, jasho hutoka, kuhara hufuata.

Nywele hunyonyoka miezi michache baadaye, jambo linaloonekana la kutisha kuliko lilivyo, kwani kwa kawaida huota tena. Hatari ya kweli ni upungufu wa vitamini B12, chuma na kalsiamu, unaokuja kimyakimya. Ndiyo maana vidonge vya virutubisho humezwa maisha yote. Wanawake hushauriwa kuahirisha mimba kwa miezi 12 hadi 18.