Starehe Mpya Katika Nyumba Kongwe za Lamu

Mji wa Lamu, katika pwani ya Kenya, uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001. Hata hivyo, mji huo si makumbusho. Watu wanazaa na kulea humo, nao wanataka umeme, jokofu na maji ya bomba kama watu wengine wote, na ni haki yao. Linalosumbua ni namna ya kuviingiza vitu hivyo katika nyumba zilizojengwa kabla havijafikiriwa.

Nyumba hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye kuta za unene wa karibu nusu mita. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ndizo zilizoamua upana wa vyumba, kwani haziwezi kuvuka nafasi inayozidi mita 3 hivi. Ndiyo sababu vyumba ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, kuanzia uani hadi ndani. Mwenye kuleta makochi manene ya kisasa humo hubaki akipita kwa ubavu! Viti vya kamba na vitanda vya zamani vilipimwa kwa nyumba hizo. Zidaka nazo, zile za ukuta wa ndani zilizopangwa sahani za kaure, leo zapokea vitabu na taa, wala mtu hana haja ya kununua kabati.

Adui mkubwa ni saruji. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu kutoka ardhini na hewani, kisha huutoa polepole kupitia lipu ya chokaa. Ukipakwa saruji au rangi ya mafuta, unyevu hunaswa ndani pamoja na chumvi yake. Chumvi ikiganda husukuma lipu mpaka ibanduke, na vichwa vya boriti vilivyomo ukutani huanza kuoza kabla mwenye nyumba hajashtuka. Lakini nani wa kumlaumu? Saruji hupatikana dukani leo hii, ilhali chokaa yataka kuchomwa, kulainishwa na kungojewa, na mafundi wake si wengi. Wako waliochoka na gharama wakauza, na nyumba kadhaa zimekwenda kwa wageni wenye fedha, ambao ndio wanaomudu kuzirudishia chokaa. Kwa maoni yetu, msaada wa chokaa na mafunzo ya mafundi ungewafaa wenyeji kuliko makatazo.

Kuhusu joto, kiyoyozi hutaka madirisha yafungwe, ambapo nyumba ya Lamu hupoa kwa uani wake ulio wazi na kwa kivuli cha vichochoro. Panga boi latosha siku nyingi.

Maji yanataka uangalifu zaidi. Wazee waliweka birika chooni na kufuga humo samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Bafu jipya na likae pale pale palipokuwa na choo cha kale, na mabomba yapite nje ya ukuta, ili yakivuja yaonekane. Ama tangi la juu, likiwa la lita 1,000, hufikia uzito wa tani nzima likijaa. Liegemezwe juu ya kuta nene, si katikati ya boriti.