Fahamu: Mwanga unaokata kona bila kurudi nyuma

Ndani ya chipu ya silikoni, mwanga hupita katika vijia vyembamba kuliko unywele. Kona kali au kasoro ndogo ya kiwandani hutosha kurudisha sehemu yake ilikotoka.

Mwaka 2008, wanafizikia Duncan Haldane na Srinivas Raghu walipendekeza fuwele ambayo mpangilio wake huulazimisha mwanga kufuata ukingo, tena upande mmoja tu. Mwaka uliofuata, watafiti wa MIT nchini Marekani walilithibitisha wazo hilo kwa mikrowevu, mawimbi ya jamii moja na mwanga: yalipowekewa kizuizi cha chuma, yalikizunguka na kuendelea na safari.

Ila jaribio hilo lilihitaji sumaku, na sumaku kwenye chipu ni kero. Mwaka 2013, kundi la Mohammad Hafezi, Maryland, lilitumia vipete vya silikoni badala ya sumaku kuufanya mwanga ufuate ukingo. Kinga ya vipete hivyo dhidi ya mwanga kurudi nyuma si kamili: kasoro ndani ya kipete chenyewe bado inaweza kuugeuza mwanga.