Mashahidi Wawili wa Bei ya Mchele

Katika njia ile itokayo Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare hata kufika Kasongo, ambako Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, alifanya makao yake miaka ya 1870, pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, na tajiri wa msafara hakuwa na budi kujua thamani ya kitu kimoja kwa kukitazama kingine. Elimu ya kukitafuta kisichojulikana, al-Khwarizmi alikuwa amekwisha kuitungia kitabu huko Baghdad, yapata mwaka 820, akiieleza yote kwa maneno matupu, bila ya herufi hizi zinazowatisha wanafunzi wetu.

Natutwae mfano wa leo, wenye bei za kubuni. Mchuuzi wa baiskeli aliyetoka Kabambare amenunua sokoni Kasongo bidoni tatu za mawese na magunia mawili ya mchele, jumla faranga 290,000. Bei ya kila kimoja hakuiandika, ila anakumbuka ya kuwa gunia lilizidi bidoni kwa faranga 20,000. Bei ya bidoni na iitwe b; basi ya gunia si siri ya pili tena, bali ni b na 20,000 juu yake, na palipokuwa na gunia tunaandika hayo badala yake: 3b + 2(b + 20,000) = 290,000. Tukifungua mabano tunapata 5b + 40,000 = 290,000, yaani bidoni ni 50,000 na gunia 70,000. Aghalabu watu huteleza papo hapo penye mabano, wakazidisha b kwa mbili na kuisahau ile 20,000, wakapata 54,000 na 74,000. Lakini wakizirudisha bei hizo katika manunuzi, jumla huwa 310,000, na kosa likajifichua lenyewe.

Sharti ni kwamba habari mbili ziwe mbili kwelikweli, kama mashahidi mbele ya kadhi. Lau mchuuzi, badala ya ile tofauti ya 20,000, angetuambia kwamba safari nyingine, kwa bei zile zile, bidoni sita na magunia manne vilimgharimu 580,000, asingeongeza neno, maana huyo ni shahidi wa kwanza aliyesema mara mbili; ukiitoa bei ya gunia katika habari moja na kuiandika badala yake katika ya pili, herufi hutoweka zote, ikabaki 0 = 0, kauli ya kweli isiyomfaa mtu. Bidoni ingeweza kuwa 50,000 na gunia 70,000, au bidoni 60,000 na gunia 55,000, na hesabu zote mbili zikakubali.